Jiwe la Nukta

Mwenye chungu motoni akakiepue kwanza, maana nikianza sitaki mtu ainuke. Haya niliyapata kwa Mwasiti Kilindo mwenyewe, aliyeyaona kwa macho yake, na viganja vyake vina makovu ya kumshuhudia. Anayetaka kubisha akabishane na makovu.

Mwasiti alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Miaka ishirini na miwili, shule ile ile, ubao ule ule, na wanafunzi wakisikia viatu vyake wanatulia tuli kama maji ya mtungini. Hakuwa mtu mbaya, ila alifundisha kama alivyofundishwa: kitendo kilichopita kionekane kwamba kimepita, sifa imtangulie mwenye sifa, kiunganishi kikae katikati ya mambo mawili, na mwisho wa yote nukta. "Jambo lisilo na nukta," alikuwa akisema huku akigonga ubao kwa chaki, "ni mlango ulioachwa wazi, na mlango wazi huingiza mbwa." Watoto waliogopa fimbo, wakaweka nukta.

Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa mmoja tu, Shaweji, fundi wa kuchimba visima, kijana mwenye maneno mengi na miguu mirefu. Shaweji alipata kazi Nchi ya Nukta, akaenda. Mwezi wa nne ikaja barua. Ilikuwa na sentensi moja tu, kwamba ndugu yako alitumbukia kisimani, utafika kabla ya saa sita ya siku ya tatu ukitaka, na mwisho wa sentensi hapakuwa na nukta. Mwasiti aliisoma amesimama. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu ili aiweke nukta, ndiyo mazoea, na ncha ilikuwa haijagusa karatasi pale moyo ulipomlipuka paa. Hakujua ni kwa nini. Akaifunika kalamu, akafunga safari siku hiyo hiyo. Njia aliyopita tuiache. Njia ni njia, na aliyefika kafika.

Mpakani alipokewa asubuhi ya siku ya tatu na mwanamume mnene, mpole, jina lake Tangulia, aliyening'iniza vibao vitano kifuani. Alimpa Mwasiti mgongo kabla hata hajamsalimu.

"Karibu, mama," akasema akitazama mbele. "Mimi ni mpiga mbiu wako. Huku kwetu mtu hatazamwi kabla sifa zake hazijasikika. Kwa hiyo mimi natembea mbele nikizitangaza, wewe unakuja nyuma."

"Sifa zangu umezijulia wapi, na uso wangu hujauona?"

"Zimeandikwa. Uso haumo." Akavigusa vibao kimoja kimoja. "Kwanza maoni yetu juu yako. Kisha ukubwa, kisha umri, kisha rangi, kisha utokako. Mpangilio haugeuzwi. Babu yangu aliwahi kutaja rangi kabla ya ukubwa, na mpaka leo ukoo wetu hauozwi binti wa mjini."

"Na hayo maoni ni yapi?"

"Msumbufu," akasema Tangulia bila ubaya wowote. "Msumbufu, mfupi, wa makamo, maji ya kunde, wa ng'ambo. Halafu ndiyo unafika wewe, mwanamke."

Mwasiti akamwambia kwamba kwao watu husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tangulia akafikiri kidogo, akajibu kwamba kwao mlango ukishatangazwa hakuna haja ya kuingia. Na hakuwa akifanya mzaha. Njia nzima watu walimsikiliza yeye, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye shughuli zao, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuona ni nani anayekuja nyuma. Mwasiti alisema ndipo hofu ilipoanza, pale alipoona kwamba hata akianguka njiani, mbiu itaendelea kwenda mbele bila yeye.

Kando ya njia kulikuwa na mawe meusi ya mviringo, kila moja upana wa meza ya watu wanne, yametapakaa huku na kule. Wenyeji waliyakalia, wengine walianika dagaa juu yake. Hatua kama hamsini kutoka mpakani Mwasiti alikaa juu ya mojawapo atoe mwiba kwenye kiatu. Upande wa pili wa jiwe hilo bibi kizee alikuwa amepiga magoti, akimimina uji kutoka kwenye birika la mdomo mrefu, taratibu sana, ndani ya ufa wa ukingoni. Mwasiti akadhani ni tambiko, akageuza uso kwa adabu. Mara akahisi kitu chini yake, tup, tup, tup. Akajishika kifua. Akajiambia ni moyo wake huo, umechoka na safari.

Mji wenyewe ulikuwa safi, na mambo yake yote yalikuwa yamekwisha. Sijui niwaelezeje. Nchi ile haiamini jambo linaloendelea. Kinachotendeka sasa kwao ni uvumi; kitendo hupata cheo kikishapita, nacho kikipita huandikwa, na aliyekitenda hushonewa mkia wa kitambaa cheusi nyuma ya nguo, mikia yote sawa, urefu mmoja. Aliyepika ana mkia, aliyefua ana mkia, na aliyekufa huzikwa nao, maana kufa ni jambo la watu wa kawaida. Ila ziko koo za kale zisizovaa mkia: ukoo wa Kwenda, ukoo wa Kula, wa Kuona, wa Kuja, na nyingine nyingi. Hawa kila mmoja huvaa apendavyo, na watoto wa shule hukaririshwa mavazi yao mpaka wanalia. Ukiuliza sheria yao ni ipi, unaambiwa sheria ni ya wengi. Mwasiti alikuwa amewakaririsha watoto mambo ya namna hiyo hiyo, vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni, kwa fimbo. Aliyatambua, akaona haya.

Kwenye kona moja nyumba ilikuwa ikiungua. Watu thelathini walijipanga na ndoo zao zimejaa maji, wametulia, na mwenye nyumba alikuwa akijipepea kwa fomu.

"Wanangoja nini?" Mwasiti akauliza.

"Iungue," akasema Tangulia.

"Si inaungua hiyo?"

"Inaungua, mama, lakini haijaungua. Jambo linaloendelea linaweza kwenda huku au kule, serikali haiwezi kulikimbilia. Likishapita, wanamwaga maji upesi sana. Hospitali yetu nayo ni hivyo hivyo, haina foleni hata kidogo. Tunawatibu waliokwisha kupona."

Mwasiti akasimama. "Na mtu aliyetumbukia kisimani?"

"Kutumbukia kumepita, kuliandikwa siku ile ile. Saa sita leo kinasomwa kilichobaki."

"Lakini yu hai?"

Tangulia hakugeuka. "Hilo silijui. Hai si jambo lililopita."

Kisima kilikuwa katikati ya uwanja, mbele ya ofisi ya karani. Kando yake liliwekwa jiwe jeusi la mviringo, jipya, limeegemezwa kwenye kabari, tayari kuviringishwa. Mwasiti akamwacha Tangulia na mbiu yake, akakimbia, akalala kifudifudi ukingoni. Chini kulikuwa giza. Akaita jina la ndugu yake, na jibu likaja kutoka mbali.

"Dada Mwasiti? Ni wewe, au mimi ndiye nimeshafika kwa mababu?"

"Ni mimi. Umeumia?"

"Kifundo cha mguu. Na njaa, ila njaa nimeizoea tangu kwako." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Maji yanapanda, dada. Jana yalikuwa magotini, sasa yako kifuani. Niliwaambia ukingo una ufa. Wakaniuliza, umebomoka? Nikasema bado. Wakasema basi tutauangalia ukibomoka. Nilipotumbukia, ngazi wakaitoa, maana kuchimba kulikwisha."

Mwasiti akavua kanga zake mbili, akazifunga ncha kwa ncha, akaziteremsha. Zilining'inia juu sana ya sauti ya Shaweji. Akazunguka uwanja mzima akitafuta kamba, akiuliza kila mtu, na watu wakamkwepa kama mwenye ndui. Mwanamke mmoja aliyepita na kapu akasikia kelele za kisimani, akamwambia mwenzake, "Ile ni sauti iliyokuwa ya fundi," wakaenda zao. Mwasiti aliniambia: hapo niliketi chini kama mtoto.

Akainuka, akaingia kwa karani. Karani aliitwa Bwana Kamilisha, mzee mrefu wa ukoo wa Kuja, bila mkia, amevaa joho la zambarau na soksi za rangi mbili. Hati ilikuwa mezani, wino umekwisha kukauka. Mwasiti akaisoma ikiwa imegeuka juu chini, kama walimu wawezavyo: mzembe, mwembamba, kijana, mweusi, mgeni, huyo fundi alitumbukia, akafa. Nafasi ya mwisho, ya nukta, ilikuwa tupu.

"Hajafa, bwana karani. Nimezungumza naye sasa hivi."

"Mmezungumza, vizuri, hilo limepita, nitaliandika," akasema karani kwa upole. "Lakini mzembe hutumbukia, na aliyetumbukia hufa. Sifa ikishatangulia, kitendo hufuata njia yake. Saa sita hati itasomwa na jiwe litawekwa, hiyo ndiyo nukta." Akamtazama kwa mara ya kwanza, juu ya miwani. "Barua tuliyokuletea, hukuiwekea nukta mwenyewe?"

"Sikuiweka."

"Ajabu. Ndugu wengi huiweka. Ni mazoea tu, wanaona sentensi imebaki wazi, wanaifunga, nasi tunaviringisha jiwe siku hiyo hiyo. Hutupunguzia kazi nyingi."

Mwasiti akauficha mkono wa kuume ndani ya kwapa, ulikuwa umepata baridi. Akaomba kamba.

"Kamba ni mali ya Nyumba ya Viungo," karani akasema. "Hutolewa kufunga pamoja mambo mawili yaliyopita, na si vinginevyo. Kufa hakufungwi kamba, hufunikwa. Wewe una jambo moja tu, kutumbukia. Ukipata la pili kabla ya saa sita, lete, nitaliingiza kwenye hati mahali pa kufa. Sisi si watu wakatili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro. Mwasiti alikimbia.

Nyumba ya Viungo ilijaa kamba tangu sakafuni hadi darini, na ndani yake mlikuwa na viti vitatu, kila kimoja cha kiunganishi chake. Kwenye kiti cha Na alikaa bibi kizee, na Mwasiti akamjua mara moja kwa birika lililokuwa miguuni pake. Ndiye yule wa asubuhi. Jina lake Bi Shungi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kamba, nimesikia mbiu. Mimi huunga chochote na chochote. Juzi niliunga harusi na jeneza, hakuna aliyeniuliza."

"Na viti hivi viwili?"

"Hiki cha Lakini. Mwenyewe yuko likizo ya miaka sita. Akisema, kila kilichosemwa kabla yake hupinduka, kwa hiyo wakubwa walimwonea huruma, wakampumzisha." Akakitazama kiti cha tatu, kilichopakwa mafuta kiking'aa. "Na kile cha Kwa Sababu. Kilikuwa cha mume wangu, Mzee Chanzo. Kamba yake ilikuwa nzito, iliunga jambo na lililolizaa. Siku moja aliuliza swali barazani. Kesho yake alitumbukia. Nukta ikawekwa."

"Pole, bibi. Miaka mingapi?"

"Saba," akasema, akalisogeza birika nyuma ya mguu. "Haya, leta jambo la pili."

Mwasiti akasema anampenda ndugu yake. Bi Shungi akatikisa kichwa, kupenda huko kunaendelea. Akasema atamtoa. Hilo halijafika. Akasema anaomba, analia, anaogopa, na kila alichotaja kilikuwa bado kinatendeka ndani yake, hakuna kilichokwisha. Akajaribu kukumbuka kitu kimoja katika maisha yake alichokimaliza kwa ajili ya Shaweji, na akaona aibu kwamba hakukipata. Alikuwa amemwahidi baiskeli. Alikuwa amekusudia kumtembelea.

"Nilikuja," akasema mwisho, kwa sauti ndogo.

Bi Shungi aliinua uso. "Umesemaje?"

"Nilikuja. Ndugu yangu alitumbukia, na mimi nilikuja. Hilo limepita, bibi, si niko hapa?"

"Limepita," akasema bibi. "Tena ni la ukoo wa karani mwenyewe. Akilikataa atakuwa amewatukana babu zake. Lakini sikiliza, mwanangu, usije ukasema sikukwambia. Ukiandikwa ulikuja, unaingia hati moja na yeye. Ncha moja itafungwa kiunoni pako, nyingine itakwenda jambo lilipotokea. Kamba yangu haikatwi upande huu wa mpaka. Nukta ikifika na yeye bado yumo, watakusukuma na wewe, ili jiwe lifunike hati nzima."

"Nifunge," akasema Mwasiti. Aliniambia hakusema kwa ushujaa. Alisema upesi ili asipate muda wa kusema hapana.

Bi Shungi akachagua kamba. Ilikuwa ya katani, nene, na ndefu kuliko kisima chochote. Mwasiti akasema ni ndefu mno. Bibi akajibu kwamba Na haina kipimo, akaendelea kuikunjua.

Saa sita ilipogonga, uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wanne walisimama nyuma ya jiwe. Karani aliisoma kimoyomoyo hati mpya, ambamo alikuja imekaa mahali pa akafa, akaona jina la ukoo wake ndani, akanyoosha joho. Kamba iliteremshwa kisimani kwa heshima, kama sherehe, na hakuna hata mmoja katika watu wale aliyewaza kwamba kamba iliyo mkononi mwa mtu na ndani ya shimo inaweza kuvutwa. Ndivyo walivyokosea, na mtu mwingine yeyote asingekosea hivyo.

"Jifunge kwapani," Mwasiti akanong'ona kisimani. "Ukisikia nakuvuta, kanyaga ukuta kwa mguu mzima."

Tangulia akapanda juu ya kijiwe aanze sifa, maana hati haiwezi kufika kwenye kitendo kabla sifa hazijakwisha. Akaita, "Mzembe," watu wakaguna. Mwasiti akavuta. Kamba ikasogea shibiri moja. Ndugu zangu, msimwone Shaweji mwembamba, mtu aliyelowa ni mzito. Mwasiti alijua kwamba sifa zilikuwa tano, na kwamba hazingetosha.

"Simama," akasema kwa ile sauti ya darasani. "Sifa hazijatimia. Mimi ni dada yake. Andika mcheshi."

Tangulia akamtazama karani. Karani akafungua kitabu, akakubali kwamba ndugu anaweza kuongeza. Mcheshi ni maoni, kwa hiyo ikabidi Tangulia arudi mwanzo: "Mzembe, mcheshi, mwembamba, kijana." Mwasiti akavuta. "Mwenye miguu mirefu," akasema, na hilo likawa la ukubwa, likapangwa mahali pake, mbiu ikaanza upya. Akavuta. "Mkarimu." Akavuta. "Mbishi. Mpenda mihogo. Mwoga wa paka." Makarani wadogo walikuwa wakikimbia na karatasi, hili la maoni, lile la wapi, na Tangulia jasho likimtiririka alikuwa akirudia mfululizo tangu juu, maana mpangilio haugeuzwi. Ngozi ya viganja ikamtoka Mwasiti, kamba ikawa nyekundu, naye akaendelea kumtaja ndugu yake. Alisema hajawahi kumsifu mbele ya watu hata siku moja. Alikuwa akimsahihisha tu.

Kisha maneno yakamwishia. Kichwa cha Shaweji hakikuwa kimeonekana bado. Tangulia alifika mwisho wa orodha akavuta pumzi, na wale wanne wakaondoa kabari.

"Hai," Mwasiti akasema. "Andika hai."

Makarani wakatazamana. Mmoja akasema hai ni sifa. Mwingine akasema ni sifa, ila haijawahi kumtangulia mtu. Kwa desturi ya nchi huja nyuma, ikipata nafasi. Bwana Kamilisha akataka kitabu kikubwa. Wakalijadili kwa utulivu, kwa kunukuu, kila mtu akimpa mwenzake zamu, na walikuwa wangali wakilijadili pale mkono wenye matope uliposhika ukingo, ukafuata mwingine, na Shaweji akajitupa nje akatapika maji miguuni pa dada yake.

Hakuna aliyemtazama. Macho yote yalikuwa kwenye kitabu.

"Haitangulii," karani akaamua. Akazisoma sifa zote mpaka mwisho, kisha: fundi alitumbukia, na dada yake alikuja. Jiwe likaviringishwa, likakifunika kisima kitupu kwa kishindo, na watu wakapumua, jambo limekwisha. Kwa kuwa jambo limewekewa nukta, waliomo ndani ya hati wakahesabiwa ni watu waliokuwa. Tangulia akapewa kibao kimoja tu, marehemu, awasindikize mpakani.

Basi wakatembea, Tangulia mbele akitangaza marehemu, marehemu, na nyuma yake ndugu wawili waliofungwa kamba moja, mmoja akichechemea. Watu waliinamisha vichwa kwa huzuni ya adabu. Sasa Mwasiti aliyatazama yale mawe kando ya njia, moja baada ya jingine, na watu waliokaa juu yake wakila machungwa. Hakutaka kuyahesabu.

Mpaka ulipobaki hatua hamsini, Shaweji aliketi juu ya jiwe apumzishe mguu.

"Usikae hapo," Mwasiti akasema.

Alikuwa amechelewa. Shaweji akaweka kiganja juu ya jiwe, kisha akalala na kuweka sikio kwenye ufa wa ukingoni. Kando yake palikuwa na birika lile la mdomo mrefu, tupu, na chini ya majani, mtaimbo. Shaweji aliutambua. Ulikuwa wake, ule wa kuchimbia, na asubuhi Mwasiti hakuuona hapo.

"Dada, humu mna mtu."

"Inuka twende, Shaweji. Tumefika."

"Anauliza kitu. Anarudia kile kile." Akasikiliza tena. "Anauliza kwa nini."

Mwasiti aliniambia kwamba hakuogopa kisimani kama alivyoogopa pale. Kule alikuwa na wa kumwokoa. Hapa alikuwa naye mkononi tayari, mzima, na mpaka anauona. Akampa mgongo, akatembea. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Mbele, Tangulia alikuwa ameshavuka lango, akiwatangaza marehemu wasiokuwapo nyuma yake. Hatua ya thelathini kamba ikamkaza kiunoni. Shaweji alikuwa hajainuka.

Mwasiti alisimama hivyo kitambo, uso huku, mwili ukivutwa kule. Kisha kamba ikalegea, kwa sababu alikuwa ameshageuka, na mtaimbo ulikuwa umeshaingia chini ya jiwe.

Wenye vyungu, rudisheni motoni. Mimi niliachiwa hapo, na nilipoachiwa ndipo ninapowaachia.